Barua Uliyonirudishia Ikiwa na Alama Kumi na Nne

Baba yangu, Mwalimu wa Plateau,

Leo kabla ya saa nne asubuhi nilikuwa nimeshaulizwa maswali matatu ya Kiingereza, na sikuwa hata nimekunywa chai. La kwanza lilitoka kwa karani wa kanisa letu hapa mtaa wa Pioneer, Eldoret, aliyetaka kujua kama tangazo la harusi liseme "the family invite" au "the family invites". La pili lilitoka kwa naibu wa mwalimu mkuu, aliyenisimamisha mlangoni mwa ofisi ya walimu akaninong'oneza kama mtu anayeulizia dawa ya ugonjwa wa aibu: "Madam, ni 'discuss' ama ni 'discuss about'? Usiniangushe, hii barua inaenda kaunti." Lingine, nikiwa njiani kwenda shule, lilikuwa la Kibet, yule wa bodaboda anayenibeba kila asubuhi. Alipunguza mwendo katikati ya barabara ili aniulize tofauti ya "borrow" na "lend". Kuna msichana alikuwa amemwambia "borrow me your jacket", yeye akaona kuna kitu hakijakaa sawa, lakini koti akampa.

"Ulifanya vizuri kumpa," nilimwambia.

"Lakini si amekosea, teacher?"

"Amekosea. Lakini alikuwa anasikia baridi."

Mwezi mmoja uliopita ningemshushia somo zima pale barabarani mpaka walio nyuma yetu waanze kupiga honi. Siku hizi sina nguvu hizo. Nimechoka, Baba. Nasema hivyo nikijua kwamba hukulipenda neno hilo. Ulikuwa ukisema mwalimu huchoka siku ya kustaafu, kisha ukastaafu, ukaketi kwenye meza yako, na hata hapo hukuchoka.

Tangu tulipokuzika, maswali yote yaliyokuwa yakija kwako yalihamia kwangu, kama ng'ombe wa urithi. Simu yangu imejaa "since" na "for", "advice" na "advise". Wananiuliza kama sentensi inaweza kuanza kwa "because". Wananiuliza kama "reply me" ni makosa, na kama ni makosa, mbona kila mtu anaandika hivyo. Kuna mama mmoja wa kikundi chetu cha kanisa ambaye huniuliza habari za "who" na "whom" kila baada ya miezi michache. Namjibu, anashukuru, anasahau, anarudi. Nadhani anapenda tu tuongee. Nami huwajibu wote, kwa sababu ulinilea nikiamini kwamba anayeuliza hafai kurudi mikono mitupu.

Barua hii naiandika wazi, atakayeisoma na aisome. Wengi waliowahi kukaa kwenye meza yako bado wako hai, na wanakukumbuka kwa wema. Mimi pia nakukumbuka kwa wema. Lakini kuna jambo moja ambalo mimi na wewe hatukuwahi kulizungumza, na mwezi huu limenirudia kupitia mjukuu wako Chebet.

Meza yenyewe unaikumbuka. Ilikuwa sebuleni karibu na dirisha, na Mama alikuwa ameitandika kitambaa cha plastiki chenye maua ili wino usiharibu mbao. Jumamosi, kazi za shamba zikiisha, watu walianza kuingia mmoja mmoja, barua zao zikiwa zimekunjwa ndani ya mfuko wa shati. Zilikuwa barua za kuomba kazi, za kulalamikia ushirika wa maziwa, za kumsihi mwalimu mkuu amrudishe mtoto darasani. Mama aliwapa chai, na waliotaka aliwamiminia mursik, maziwa ya mgando ya kwao, kutoka kwenye kibuyu, nawe mtu wa ziwa ukiyakwepa macho yake asije akakumiminia pia. Ulivaa miwani, ukasoma mpaka mwisho bila kusema neno, kisha ukauliza kwa Kiswahili chako kilichokataa kabisa kutamka "sh": "Bwana, hii uliandika ukiwa mezani ama ukiwa sambani?" Mwenye barua alicheka kwanza, na wewe ndipo ukachukua kalamu nyekundu.

Mimi nilikuwa nakaa chini, mgongo ukutani, nikitazama. Niliona watu wazima wakijikunja mbele ya wino ule. Niliona pia jinsi walivyoondoka wamenyooka, barua safi mkononi, wakijua kwamba huko inakokwenda hakuna atakayewacheka. Nilitamani siku moja nifanye kazi hiyo. Hilo nililipata kwako, na sijutii.

Unamkumbuka yule jirani ambaye mkewe alikuwa amerudi kwao? Alikuja na barua ya kuomba msamaha, kurasa mbili, kwa Kiingereza, maana aliona msamaha wa Kiingereza ndio ungekuwa na uzito. Ulimsahihishia yote, ukamwandikia nakala safi kwa mwandiko wako. Mama akatoka jikoni akifuta mikono, akasimama mlangoni.

"Na huyo bibi yake atasomewa na nani? Si nyinyi wote mnajua hakuenda shule?"

Jirani akatazama chini. Wewe ukasema barua nzuri haikosi msomaji. Mama akasema, "Nyinyi watu wa ziwa, mtu akizama mtamsahihisha kwanza vile anapiga kelele." Ulicheka mpaka ukavua miwani. Yule mke alirudi, lakini haikuwa kwa barua. Mahindi yalikuwa yamekauka na hakutaka yavunwe bila yeye.

Nyumba yetu ilikuwa hivyo. Wewe ulitoka Ziwa Victoria ukaja kufundisha, Mama alikuwa wa hapahapa, mkakutana katikati kwa Kiswahili ambacho hakuna mwalimu angekipa alama. Kwa Kiswahili hicho mligombana, mkapatana, mkanilea. Kiingereza kilikuwa cha mezani. Nilipojiunga na kidato cha kwanza, ukaniambia kuanzia siku hiyo mimi na wewe tutazungumza kwa barua, na barua ni za Kiingereza.

Shule yangu ilikuwa ya bweni, juu huko njia ya Nakuru, mahali ambapo sweta haitoshi hata mchana. Wengine walipokea barua kutoka nyumbani. Mimi nilipokea zangu mwenyewe, zimerudi. Ulizisahihisha kwa wino mwekundu, ukaandika alama chini kwa ishirini, ukazitia kwenye bahasha mpya na kuzituma. Wasichana wa bweni letu walizipokezana wakicheka. Mmoja aliniuliza kama baba yangu ni mzazi ama ni baraza la mitihani. Mara za kwanza nilicheka nao. Nilijua ndivyo unavyopenda watu, na nilijua wengine hawakuwa na baba wa kuwaandikia hata hivyo.

Muhula wa pili niliandika barua ambayo sitaisahau. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Wasichana wa kidato cha pili walikuwa wameamua kwamba mimi ndiye wa kuchezewa, na kwa kuwa nina jina la ziwani na mama wa hapa, waliniita Nusu. Godoro langu lilimwagiwa maji. Likikauka, linamwagiwa tena. Nilianza kuugua homa na kukohoa, na matroni akaniambia niache deko. Nikakaa darasani wakati wa mapumziko nikakuandikia yote. Niliandika haraka, na najua leo kwamba barua ile ilijaa makosa. "I am having fever since Tuesday." "They have refused me to sleep." Mwisho nikaandika, "Please come for me."

Ilirudi baada ya siku kumi. Umesahihisha homa yangu ikawa "I have had a fever since Tuesday". Umesahihisha wale wasichana. Pembeni uliandika nichunge nyakati za vitenzi. Na pale kwenye "Please come for me", Baba, sentensi ile haikuwa na kosa, kwa hiyo uliiwekea alama ya vyema. Chini ukaandika kumi na nne kwa ishirini.

Sikulia siku hiyo. Nilidhani nimeelewa kosa langu. Nilidhani hukunisikia kwa sababu sikusema vizuri. Basi nilikaa Jumamosi nzima na kamusi, nikaiandika upya barua ileile, homa ileile, godoro lilelile, kila kitenzi mahali pake. Nikaituma. Ikarudi na kumi na tisa. Alama moja uliikata kwa sababu aya ya pili ilikuwa ndefu.

Hapo ndipo nililia. Nililia kwenye stoo ya vifaa vya michezo, kati ya mipira isiyo na upepo, na nilipomaliza nilikuwa mtu mwingine. Barua iliyofuata niliandika kwamba hali ya hewa ni ya baridi lakini inapendeza, kwamba masomo yanaendelea vizuri, kwamba natumaini nyote hamjambo. Ilipata ishirini kwa ishirini. Likizo ilipofika uliniambia kwa furaha kwamba uliisoma mbele ya darasa lako la nane kama mfano wa barua ya kirafiki. Barua ile haikuwa na kitu ndani, Baba. Lakini nilitabasamu, nikakuambia asante.

Homa iliisha. Wale wasichana walipata mwingine wa kumchezea, na mimi, Mungu anisamehe, nilishukuru. Sikumweleza Mama kitu. Nilidhani umemsomea barua zangu na yeye pia ameona hakuna haja ya kuja. Nikawa mwanafunzi mzuri, nikawa mwalimu wa Kiingereza, nikaolewa, nikazaa. Siku ya kufuzu kwangu ulinishika mkono kama ulivyokuwa ukimshika mkuu wa wilaya, ukaniambia, "Akinyi, sasa tuko wawili." Nilijiona nimefika. Ningetaka kukuambia kwamba furaha ile ilikuwa ya kweli, kwa sababu ilikuwa.

Sasa kuhusu Chebet. Ulimwacha akiwa msichana wa shule ya msingi mwenye maswali mengi. Leo anasomea uuguzi Nakuru, mwaka wa pili. Ameandika Kiingereza cha kila aina tangu alipopata simu, kimechanganyika na Sheng, hakina nukta, hakina herufi kubwa. Mimi nikawa namrudishia. Anaandika ujumbe, nami kabla ya kujibu namtumia neno lililosahihishwa, na kinyota mbele yake. Alikuwa akicheka. "Mum, si ukue tu mzazi leo." Nami nilicheka pia, sikusikia kitu ndani ya maneno hayo.

Mwezi uliopita, Jumanne moja, nikiwa ofisini nasahihisha insha, aliniandikia hivi: "mum me am not okay since last week. i cant cope up."

Nilimjibu: "*I have not been okay. And it is 'cope', not 'cope up'."

Kengele ikalia, nikaingia darasani. Nilipotoka nilimwandikia tena, nikamuuliza kuna nini. Alikuwa ameshajibu: "Nothing, Mum. I am fine, thank you."

Na mimi nikashukuru Mungu, nikaendelea na insha.

Baada ya hapo ujumbe wake ulianza kuja safi. Herufi kubwa mahali pake, nukta mwishoni. Nilimsifu kwa walimu wenzangu. Nilisema chuo kimeanza kumnyoosha. Wiki ya tatu, Jumapili baada ya ibada, akaniandikia, "I am well, and I hope that you are well too." Nilisimama nje ya kanisa nikaitazama ile koma kwa raha. Halafu raha ikakatika. Sentensi hiyo naijua. Mimi ndiye niliyeiandika kwanza, nikiwa na miaka kumi na minne, na najua mtu huwa katika hali gani anapoiandika.

Nilipiga simu. Ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena. Akatuma ujumbe: "I am in class." Ilikuwa Jumapili, Baba.

Sikujua niende wapi, miguu ikanipeleka kwa Mama. Nilimkuta nyuma ya nyumba akipukuchua mahindi, nikaketi kwenye gunia kando yake, nikamweleza habari za Chebet. Halafu, bila kupanga, nikamweleza habari za ile barua yangu ya kwanza. Godoro, homa, kumi na nne kwa ishirini. Mikono yake ikasimama.

"Godoro gani?"

"Lile la shule, Mama. Nilipokuwa form one. Si Baba alikusomea barua zangu?"

"Alinisomea." Aliliweka gunzi kando. "Alinisomea ukisema umezoea. Ati chakula ni kizuri na una marafiki. Mimi sijui kusoma Kizungu, Akinyi, ningejua aje?"

Nilimuuliza kwa nini ungefanya hivyo. Alichukua gunzi lingine akalishika tu.

"Aliogopa ningekuja kukutoa," alisema. "Na ningekuja. Ningekuja hata kwa miguu. Na yeye alijua ukitoka hiyo shule hakuna ingine. Lakini hiyo siku ya barua nakumbuka. Hakukula. Nilimuuliza, akasema ni tumbo. Alikaa hapo kwa meza na hiyo kalamu yake, anaandika, anafuta, mpaka mimi nikaenda kukamua ng'ombe nikarudi, bado ako hapo."

Kwa hiyo ulisoma. Miaka yote hii nilijifariji kwamba hukuniona, kwamba macho yako yaliishia kwenye vitenzi, na nani amlaumu mtu kwa asichokiona? Lakini uliona. Ulijua godoro limelowa, ulijua naugua, ulijua nimekuita. Ukamficha Mama, ukachukua kalamu. Nilikasirika pale kwenye gunia jinsi ambavyo sijawahi kukukasirikia ukiwa hai. Nilitaka kuingia ndani nikaitupe ile meza nje. Mama akasema nile kwanza.

Nilikula. Na nikila, nikiwa bado na hasira, nilikumbuka jambo ambalo nilikuwa nimelisukuma mbali. Jumanne ile nilipousoma ujumbe wa Chebet, kabla ya kuandika chochote, vidole vyangu vilikuwa vimepoa. Niliona "not okay" nikaweka kalamu chini. Sikujua nifanye nini. Yuko Nakuru, mimi niko hapa, darasa linaningoja. Ndipo macho yakakimbilia "since last week", na hapo nikaona kitu ninachoweza kukifanya. Nilikirekebisha. Nikajisikia nimefanya kazi yangu. Sikusahihisha kwa sababu sikusoma. Nilisahihisha kwa sababu nilisoma, nikaogopa.

Nadhani wewe pia, Baba, siku ile mezani. Sina hakika, na huwezi kuniambia. Lakini mtu ambaye hakuogopa huketi mezani wakati wa chakula cha jioni akala.

Jumatatu sikwenda kazini. Nilimpigia naibu, nikamwambia mwanangu ananihitaji. Akaniuliza anaumwa nini, nikamwambia sijui, ndiyo maana naenda. Nilipanda gari la Nakuru asubuhi, na njiani tukapita stendi ya shule yangu. Jengo la bweni linaonekana kutoka barabarani. Nilitazama saa. Haikuwa imepita hata saa moja na nusu tangu tutoke mjini Eldoret. Barabara ya siku hizo ilikuwa mbovu, najua, na magari yalikuwa machache, najua hilo pia. Nimekuhesabia sababu zote, nikazizidisha mara mbili. Bado haikuwa mbali.

Chebet alifungua mlango akiwa na leso kichwani na sweta yangu ya zamani. Alikuwa amekonda. Nyuma yake chumba kilikuwa na giza, mapazia yamefungwa saa sita mchana. Hakunikumbatia. Alisimama tu na mkono kwenye kitasa.

"Mum. Umekuja kufanya nini?"

"Nimesoma message yako."

"Gani? Ya jana?"

"Ya Jumanne ile."

Mkono wake ukaachia kitasa. "Ile umenirudishia na kanyota?"

"Hiyo. Nimechelewa kuisoma. Pole."

Uso wake ukajikunja kama alivyokuwa akiukunja utotoni kabla ya kulia, na tukakaa sakafuni palepale mlangoni. Alinieleza kidogo. Wodini alikopelekwa kujifunza kulikuwa na bibi mmoja mgonjwa aliyemzoea, aliyemwita mjukuu, aliyekataa kulishwa na mwingine yeyote. Alifia mikononi mwake kijiko kikiwa bado mdomoni. Wenzake walimwambia atazoea. Yeye akashindwa kurudi wodini, kisha akashindwa kurudi darasani, kisha akashindwa kutoka chumbani. "Alikuwa anafanana na Kogo," alisema, maana ndivyo anavyomwita Mama. "Nilikuwa nataka kukuambia vile anafanana na Kogo. Nikashindwa kuandika hiyo story yote, nikaandika tu venye niliweza."

Sikusema kitu, Baba. Maneno yalikuja, na mengine yalikuwa mazuri, nikayaacha yapite. Mimi si hodari wa kunyamaza. Nilimshika mguu, maana ndio uliokuwa karibu.

Chuo kimemruhusu apumzike mpaka muhula ujao. Tulirudi naye Eldoret siku hiyohiyo. Hajaniambia yote. Kuna siku anazungumza nami, kuna siku anazungumza na Kogo tu kwa simu, kwa dakika nyingi, na mimi nasikia mlio wa sauti yake ukutani bila kusikia maneno. Ujumbe wake umerudi kuwa mbaya. Jana alinitumia kutoka chumbani, "mum kuna bread ama tuishi na njaa." Nilisoma mara mbili kama barua ya mapenzi, nikaenda dukani.

Siwezi kusema leo kwamba nimekusamehe, na wala siwezi kukushtaki. Nimechoka mno kwa yote mawili. Watu wataendelea kuniuliza maswali yao na nitaendelea kuwajibu, kwa sababu ni kazi nzuri na uliipenda, na mimi naipenda bado. Tangazo la harusi litatoka sawa. Barua ya kaunti itatoka sawa. Ila nilitaka ujue kwamba nilikungoja. Hata baada ya kumi na tisa, hata baada ya ishirini, kila gari lililosimama getini nilinyanyua kichwa. Sikuwahi kukuandikia hivyo kwa sababu hakukuwa na namna ya kuliandika likapata alama.

Sasa ni saa tisa mchana. Niliporudi kutoka shuleni Chebet alikuwa amelala, nami nikaona niandike kabla hajaamka. Ameamka. Namsikia kwenye korido akiniita, "Mum? Mum, uko wapi?"

Wacha niende.

Binti yako,
Akinyi